Kidole Gumba na Gitaa la Umeme

Wazee wetu husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa methali hiyo wamewahimiza watoto tangu zamani wajifunze mapema. Ni methali njema. Lakini watu wazima wengi wameigeuza kuwa kisingizio. Mtu wa miaka ishirini na mitano, mwenye kazi na jamaa ya kulisha, hutamani kujifunza kupiga gitaa, kisha hujiambia kwamba amekwisha kauka na wakati wake umepita. Mwingine hukosea kwa njia ya pili. Yeye huamini kwamba fedha zaweza kufanya kazi ya miaka. Huenda dukani akanunua gitaa la umeme, na amplifaya, na visanduku vya kugeuza sauti vya kila rangi, hali vidole vyake havijajua bado kubana nyuzi. Baada ya miezi sita vyombo vyote vimo chini ya kitanda, vimefunikwa na vumbi.

Labda wewe, msomaji, ungali mwanafunzi, na mambo haya yaonekana kuwa ya watu wengine. Lakini miaka ya shule ni michache. Muda si mrefu utapokea mshahara wako wa kwanza, nawe utatamani kujifunza jambo ambalo hukufundishwa darasani. Siku hiyo sauti mbili zitakujia, moja ikisema umechelewa, na nyingine ikisema nunua. Yafaa basi tuitazame historia ya gitaa la umeme, kwa maana ndani yake mna majibu ya sauti zote mbili.

Gitaa ni chombo cha zamani, na kwa karne nyingi lilikuwa na udhaifu mmoja: sauti yake ni ndogo. Mtu akilipiga chumbani, au barazani wakati wa jioni, latosha. Lakini katika Marekani, baada ya mwaka wa 1920, muziki wa dansi ulipigwa zaidi na zaidi na bendi kubwa zenye tarumbeta nyingi na ngoma. Mpiga gitaa aliketi katikati ya wenzake akapiga kwa nguvu zake zote, na wacheza dansi hawakumsikia ila kama mkwaruzo mdogo nyuma ya ngoma. Mafundi walitengeneza magitaa makubwa zaidi, na mengine yenye tumbo la chuma, lakini tarumbeta ziliendelea kuyashinda.

Miongoni mwa waliofungua njia mpya alikuwa mpigaji mwenyewe, George Beauchamp, mzaliwa wa Texas aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Los Angeles. Yeye pamoja na Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa la umeme mwaka wa 1932. Lilikuwa la alumini, lenye tumbo dogo la mviringo na shingo ndefu, hata watu wakaliita "kikaango". Siri yake si ngumu kwa mtu aliyesoma sayansi. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara nyingi sana. Uzi utetemekapo karibu na sumaku, huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya ule. Mkondo huo hupelekwa katika amplifaya, nayo huukuza, kisha spika huugeuza kuwa sauti tena. Beauchamp alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka wa 1937.

Zingatia jambo hili, kwa kuwa mengine yote yanatokana nalo. Katika gitaa la kawaida, sauti yatoka katika mti. Katika gitaa la umeme, sauti husafiri safari ndefu ndani ya waya kabla ya kufika masikioni. Na kitu kisafiricho chaweza kusimamishwa njiani, kikacheleweshwa, kikapunguzwa, kikaongezwa, au kikaharibiwa. Visanduku vyote vinavyouzwa leo ni vituo tu katika safari hiyo.

Mtu aliyewaonyesha Wamarekani kwamba gitaa la umeme si mchezo alikuwa kijana Mweusi aliyekulia katika Oklahoma City, jina lake Charlie Christian. Mwaka wa 1939 aliingia katika bendi ya Benny Goodman, iliyokuwa mashuhuri sana nchini humo. Kabla yake gitaa mara nyingi lilikuwa mtumishi; lilishika mdundo na kunyamaza. Christian alisimama akapiga noti moja moja kama mpiga saksafoni, naye akasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Lakini hakuishi muda mrefu. Alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi mwaka wa 1942, akiwa na miaka ishirini na mitano. Hata hivyo sauti yake ilikuwa imekwisha nasa katika sahani za santuri, na sahani hizo zilikuwa zikisafiri mahali ambapo yeye hakufika.

Sahani moja ilifika katika mji wa Indianapolis, ikasikiwa na kijana aliyeitwa Wes Montgomery. Montgomery alizaliwa katika mji huo mwezi wa Machi mwaka wa 1923. Alipokuwa mtoto, kaka yake Monk alimpatia gitaa dogo la nyuzi nne, naye akalichezea. Lakini gitaa la nyuzi sita ni chombo kingine kabisa, na wakati alipomsikia Charlie Christian alikuwa na miaka kama ishirini, amekwisha oa, tena ana kazi ya mikono ya kumpatia riziki. Kwa desturi ya watu, mtu wa namna hiyo angesikiliza, angetikisa kichwa kwa kupendezwa, kisha angekwenda kulala kwa sababu kesho kuna kazi. Montgomery alikwenda akanunua gitaa la umeme pamoja na amplifaya, akaanza upya.

Hakuwa na mwalimu, wala hakujua kusoma noti. Mpaka mwisho wa maisha yake hakuzisoma. Mwalimu wake alikuwa ile santuri. Aliiweka sindano, akasikiliza kipande kifupi, akakitafuta juu ya nyuzi. Alipokosa, akairudisha sindano tena. Baada ya miezi kadhaa aliweza kupiga vipande vyote vya Christian alivyovipenda, noti kwa noti, naye akaajiriwa katika klabu moja ya mjini. Lakini baada ya kumaliza vipande vile alikuwa hana la zaidi, maana hakujua lolote lingine. Ilimpasa kurudi nyumbani akajifunze muziki uliozunguka vipande hivyo.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo ni kiini cha habari yetu. Montgomery alifanya mazoezi usiku, baada ya kazi, na amplifaya haina adabu ya kunong'ona. Majirani walilalamika. Wakati huo wapiga gitaa la umeme karibu wote walidonoa nyuzi kwa kipande kidogo kigumu kinachoitwa piki, ambacho hutoa sauti kali yenye kukata. Montgomery aliiweka piki kando, akaingia katika chumba cha nyuma, akaanza kuzigusa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba. Sauti ikawa laini na nene, nao majirani wakalala.

Fikiri, msomaji, jinsi jambo hili lilivyokuwa la kumrudisha nyuma kwa hesabu ya mtu wa kawaida. Piki huenda juu na chini kwa wepesi. Kidole gumba ni kizito, na hupenda kwenda upande mmoja tu. Mwalimu wa muziki angemwambia aache mara moja. Lakini yeye hakuacha. Alikitumia kidole kile mpaka kikawa chepesi, na aliposikiliza vizuri akaona kwamba sauti iliyozaliwa kwa ajili ya kuwaheshimu majirani ilimpendeza kuliko ile ya kwanza. Akaongeza ufundi mwingine: alipiga noti moja katika nyuzi mbili kwa wakati mmoja, moja ya juu na moja ya chini yake kwa oktava, hata nyimbo zake zikawa kama watu wawili waimbao pamoja. Wengine walikuwa wamepata kufanya hivyo kidogo kidogo. Yeye aliifanya kuwa lugha yake.

Usidhani kwamba njia yake ilikuwa fupi baada ya hapo. Mwaka wa 1948 alichukuliwa na bendi ya Lionel Hampton, akasafiri nayo miji mingi. Aliogopa kupanda ndege, akawa anaendesha gari mwenyewe safari ndefu huku wenzake wakiruka angani. Baada ya miaka miwili aliiacha bendi, akarudi kwa mkewe na watoto. Kwa miaka mingi iliyofuata alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya redio kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa tatu usiku alikwenda kupiga gitaa katika baa moja mpaka saa nane, kisha akahamia katika klabu nyingine akapiga mpaka karibu na alfajiri. Alifanya hivyo kwa sababu watoto walikuwa wengi, na muziki peke yake haukuwatosha kwa chakula.

Katika klabu hiyo ya usiku wa manane ndipo mpiga saksafoni mashuhuri, Cannonball Adderley, alipomsikia mwaka wa 1959. Adderley aliporudi New York hakutulia mpaka alipomwambia Orrin Keepnews, aliyekuwa akitoa santuri za Riverside, kwamba amemwona mtu wa ajabu. Keepnews alikwenda Indianapolis mwenyewe, na mwaka huo huo Montgomery akarekodi santuri yake ya kwanza kwa kampuni hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mwezi wa Januari mwaka wa 1960 alirekodi ile iitwayo *The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery*, na tangu siku hiyo hapana mpiga gitaa wa jazi aliyeweza kupita bila kulijua jina lake. Alifariki nyumbani kwake Indianapolis tarehe 15 Juni, 1968, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tuulize basi: Wes Montgomery alitumia vyombo gani? Gitaa, waya, na amplifaya. Alama yake, ile ambayo mtu huitambua kwa kusikia noti mbili tu, ilikuwa katika nyama ya kidole chake. Asingaliweza kuinunua, wala asingaliweza kuiuza.

Lakini nisikudanganye kwa kukuambia kwamba visanduku vya kugeuza sauti ni upuuzi. Hivyo navyo vina historia, na historia yake yafundisha jambo lile lile kwa njia nyingine.

Chukua kwanza mwangwi. Mtu apigaye muziki katika kanisa kubwa husikia sauti yake ikirudi kutoka kuta, ikawa na fahari. Mtu apigaye katika chumba kidogo chenye mazulia hana fahari hiyo. Waliotengeneza vinanda vya umeme vya Hammond waliona haja hiyo tangu zamani: wateja walipeleka vinanda majumbani wakataka kusikia sauti ya kanisa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuipitisha sauti katika springi za chuma. Sauti hutembea ndani ya springi, ikagonga mwisho, ikarudi, ikagonga tena, na masikio hudhani kwamba chumba ni kikubwa. Mwaka wa 1961 kampuni ya Fender ilianza kuuza kisanduku cha springi kwa ajili ya gitaa. Wengine walitumia mashine ya utepe: sauti hunaswa katika utepe mahali pamoja, kisha husomwa mbele kidogo, nayo husikika mara ya pili kama mtu aitikiwaye na mlima. Les Paul, mpigaji na mvumbuzi, alikuwa bingwa wa kazi za utepe miaka mingi kabla mambo hayo hayajauzwa madukani.

Chukua tena sauti ya mkwaruzo, ambayo vijana huipenda sana. Hiyo ilizaliwa kwa uharibifu. Mwaka wa 1960, katika studio moja ya Nashville, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo. Grady Martin alipopiga kipande chake kwa gitaa la besi, transfoma moja ndani ya mtambo wa studio ilikuwa imeharibika, na sauti ikatoka imechanika kama nguo. Kulikuwa na mashauri kama irekodiwe tena au la. Mwishowe waliiacha jinsi ilivyo, na mwaka wa 1961 wimbo ukapata sifa kubwa. Wanamuziki wengine wakaja kuuliza sauti ile. Injinia wa studio, Glenn Snoddy, alishirikiana na mwenzake wakatengeneza kisanduku cha transista cha kuiga uharibifu ule, na mwaka wa 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza. Wanunuzi hawakujua wakifanyie nini. Hata mwaka wa 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia, alikusudia kishike tu mahali pa tarumbeta ambazo zingerekodiwa baadaye. Lakini wenzake waliona sauti ile yatosha, wimbo ukatolewa hivyo hivyo, na visanduku vikaisha madukani.

Katika Uingereza, mwaka wa 1964, kijana Dave Davies wa kundi la Kinks hakuwa na kisanduku chochote. Alitaka sauti kali, na amplifaya yake ndogo haikumpa. Alichukua wembe akaipasua karatasi ya spika. Sauti iliyotoka ilisikika ulimwenguni kote.

Na pedali ile isemayo "wa-wa" kama mtoto anayelia? Mwaka wa 1966, Brad Plunkett, injinia wa kampuni ya Thomas Organ katika California, alikuwa akitafuta njia ya kupunguza gharama ya swichi moja ya amplifaya. Badala ya swichi alitia kitufe cha kuzungusha, akaona kwamba kukizungusha huku gitaa likipigwa kulifanya sauti ifunguke na kufumba kama kinywa. Walikitia ndani ya pedali ya kinanda ili mguu ufanye kazi ya mkono. Wenye kampuni walidhani yafaa zaidi kuiga tarumbeta iliyozibwa, hata pedali za kwanza zikauzwa kwa jina la mpiga tarumbeta Clyde McCoy. Ni wapiga gitaa walioichukua na kuifanya yao.

Waona, msomaji, jinsi mambo yanavyofuatana. Katika kila habari, sikio la mtu lilitangulia. Mtu alisikia sauti, mara nyingi kwa bahati mbaya, akaipenda, akasema: hii ndiyo niitakayo. Kisanduku kilikuja baadaye ili kuihifadhi ile sauti iliyokwisha pendwa. Tunaponunua kisanduku kabla ya kujua tunapenda nini, tunaianza safari kwa mwisho wake.

Labda utanitajia Jimi Hendrix, ambaye alivitumia vyombo hivi kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Naam, alivitumia kwa ustadi mkubwa, hasa baada ya kufika London mwaka wa 1966, ambako fundi Roger Mayer alimtengenezea visanduku maalumu. Lakini ikumbukwe alikotoka. Alipata gitaa lake la kwanza akiwa na miaka kama kumi na mitano, nalo lilikuwa gitaa la kawaida lisilo na umeme. Alipiga gitaa jeshini, na baada ya jeshi alizunguka Marekani kwa miaka kadhaa akiwapigia waimbaji wengine nyuma yao, katika kumbi ndogo na kubwa, bila sifa. Pedali zilipomfikia, zilimkuta mtu ambaye mikono yake ilikuwa tayari.

Tusiende mbali mno, kwani hata kwetu mambo haya yanajulikana. Tazama mpiga nyatiti wa Kijaluo. Mikono yake yote miwili imeshughulika na nyuzi nane, lakini haoni hiyo kuwa mwisho. Katika kidole cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga ubavu wa chombo, na mguuni hufunga njuga. Kabla injinia wa California hajatia pedali chini ya mguu wa mpiga gitaa, wazee wa Nyanza walikuwa wamekwisha upa mguu kazi yake. Nao huvaa pete baada ya kujua nyuzi.

Mfikirie pia Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, akipiga wimbo wake "Masanga". Mwenda alitumia gitaa lisilo na umeme, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikaimba juu yake, hata msikilizaji asiyemwona hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Santuri hizo zilifika Nairobi na mashambani, na wapiga gitaa wa Afrika ya Mashariki wakaketi kuzisikiliza na kuzitafuta juu ya nyuzi, kama vile Montgomery alivyomtafuta Christian. George Mukabi, aliyetoka Kisa katika nchi ya Waluhya na kufariki mwaka wa 1963, alipiga gitaa lake huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda, na chupa hiyo haikugharimu kitu.

Hata umeme ulipokuja kwetu, njia haikubadilika. Fundi Konde wa pwani, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, huhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika Kenya. Mwishoni mwa miaka ya sitini Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz walilichukua gitaa hilo wakalifanya liseme kama nyatiti, noti zikifuatana upesi, besi ikijibishana nazo, na hivyo wakawa miongoni mwa waliousimamisha muziki wa benga. Sauti waliyoitafuta ilikuwa vijijini kwao kabla ya umeme kufika.

Sasa, kutokana na historia hii, twaweza kutoa shauri kwa mtu mzima anayetaka kuanza, nawe uliweke moyoni mpaka siku yako ifike.

Kwanza, anunue gitaa moja ambalo nyuzi zake si ngumu kubana na ambalo halipotezi noti zake upesi. Vidole vitauma kwa majuma machache, kisha ngozi itakuwa ngumu. Hiyo ndiyo ada ya mlangoni, na kila mtu huilipa. Robo ya saa kila siku yashinda saa tatu za Jumapili, kwa kuwa mkono husahau upesi usipokumbushwa. Na achague wimbo mmoja aupendao, ausikilize kipande kwa kipande mpaka aupate. Mtu mzima ana faida moja ambayo mtoto hana: ajua anachokipenda, na hatumwi na mzazi.

Pili, akitaka gitaa la umeme, amplifaya ndogo yatosha nyumbani. Siku hizi nyingi zina tundu la visikizio, na majirani hawana tena sababu ya kugonga ukuta. Lakini nani ajuaye? Kama Montgomery angalikuwa na visikizio, huenda ulimwengu usingalikisikia kidole chake. Shida si adui daima.

Tatu, asinunue kisanduku chochote mpaka aweze kutaja kwa maneno sauti anayoikosa. Mtu asemaye, "Sauti yangu ni kavu, nataka iwe kama ya ukumbi mkubwa," huyo ahitaji mwangwi, naye atajua akiupata. Mtu asemaye, "Nataka noti moja idumu na kunguruma," huyo ahitaji mkwaruzo. Asiyeweza kusema kitu angoje. Akinunua, anunue kimoja, akae nacho mpaka akijue chote, kisha cha pili. Na akiwa navyo viwili, ajue kwamba mpangilio wake una maana: aghalabu mkwaruzo hutangulia na mwangwi hufuata, kwa sababu mwangwi ukichanwa na mkwaruzo huwa kelele tupu, bali mkwaruzo ukirudiwa na mwangwi hubaki na umbo lake.

Nne, ajaribu kila juma kupiga wimbo wake bila kisanduku. Wimbo ukifa umeme ukizimwa, basi haukuwa wake bado.

Tumeanza na samaki mbichi. Ni kweli kwamba mtoto hukunjika upesi kuliko mtu mzima. Lakini mkono wa mwanadamu si samaki. Fundi seremala hujifunza randa mpya akiwa na mvi, na mama mzee hujifunza kusoma ili aisome barua ya mwanawe. Montgomery alianza baada ya kazi ya mchana, katika nyumba yenye majirani wenye hasira, kwa santuri moja ya mtu aliyekwisha kufa au aliyekuwa karibu na kufa. Duka halikuwa na kitu cha kumwongezea. Alichohitaji kilikuwa kimefungwa mkononi mwake tangu kuzaliwa, nacho ni kidole gumba, ambacho wewe pia unacho.